Uzoefu wangu: seti ya zana za gitaa, vipande 46, na vitano vilivyofanya kazi

Wenye haraka niwape jibu mapema. Seti ina vipande 46, vitano ndivyo vilivyonifaa, na hivyo vitano nimeridhika navyo. Vingine vimelala kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kaunta. Kimoja kati yake kilinidanganya mpaka nikakata freti (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo ya gitaa) ambayo haikuwa na kosa lolote, na hicho nitakisema kwa kirefu kwa sababu bado kinaniuma.

Nauza spea za injini za boti Kirumba, Mwanza, upande wa kuelekea Mwaloni. Gitaa ni starehe yangu tu. Sina bendi, kwaya walinisikia mara moja wakanishukuru, kwa hiyo jioni nikishafunga hesabu natoa kigoda nje ya duka na kupiga mpaka mbu waamue vinginevyo. Kutengeneza kulianza kwa shida, kukageuka ulevi. Sasa hivi nikiona gitaa bovu ukutani kwa mtu, mazungumzo mengine siyasikii.

Gitaa lililosababisha niagize seti ni Yamaha C40, lile la nyuzi za nailoni. Nililinunua 60,000 kwa kijana aliyekuwa anahama mji. Siku ya kwanza nililiweka kaunta, na mvuvi mmoja mteja wangu akalisoma kichwani akashangaa.

"Kaka, kumbe Yamaha siku hizi wanatengeneza na magitaa?"

Nikamwambia mambo yalikwenda kinyume. Torakusu Yamaha alianza mwaka 1887 kwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule moja huko Japani, ndipo akaanza kuunda vyake. Injini zilikuja baadaye sana. Kampuni ya pikipiki na injini ilitengwa mwaka 1955. Na ile nembo yao ya duara anayoiona kila siku, vile vijiti vitatu vilivyopishana katikati ni uma za sauti, zile zinazogongwa ili mtu apate noti ya kutyunia. Hakuniamini. Alilipia plagi zake mbili akaondoka anatikisa kichwa.

Kwa nini C40 kwa 60,000? Kwa sababu daraja lilikuwa limenyanyuka. Daraja ni kile kibao kilichogundishwa tumboni kinachoshika nyuzi. Nilichukua kadi ya vocha iliyokwisha kutumika nikaipitisha chini yake kwa nyuma: ikazama mpaka tarakimu ya nne ya namba ya siri. Na sababu ilikuwa bado ipo pale pale juu, inang'aa: waya.

Hapa nisimame kidogo, maana nikipewa magitaa kumi mabovu ya nailoni ya mji huu, naweza kubashiri kosa kabla ya kuyafungua. Nyuzi sita za nailoni zikityuniwa sawasawa zinavuta jumla ya karibu kilo 40. Seti ya waya nyepesi, ile inayoanza na namba 12, inavuta kilo 70 na kitu. Gitaa la waya limejengwa kwa mzigo huo: mbao za ndani zimepangwa namna nyingine, shingo ina chuma ndani, waya zimefungwa kwa vigingi vinavyopenya hadi ndani ya tumbo. Gitaa la nailoni halina hayo. Daraja lake limeshikwa na gundi peke yake. Ukilifunga waya ni sawa na kuweka injini ya farasi 40 kwenye mtumbwi wa kupiga kasia; utakwenda mbio, lakini ubao wa nyuma utaifuata injini majini.

Ila simlaumu sana yule kijana. Maduka mengi ukiuliza nyuzi unapewa waya, hakuna swali la pili. Halafu masikio yetu ukanda huu wa ziwa yamekulia kwenye waya. D.O. Misiani, baba wa bendi ya Shirati Jazz, alizaliwa Shirati, mkoa wa Mara, ziwa hili hili, na muziki wake wa benga ni gitaa la umeme linalodonoa kama nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Mtu aliyelelewa na mlio huo akishika nailoni anaona kama gitaa lina mafua. Anakwenda kununua waya. Miezi michache baadaye daraja linaanza kupumua.

Basi nikaagiza seti. Muuzaji ni wa mtandaoni, nje ya nchi, na jina lake silitaji. Bei na usafiri vilikula 78,000, yaani zaidi ya gitaa lenyewe. Mzigo ulichukua wiki sita. Ulifika ndani ya mkoba mweusi wa zipu, unapendeza kweli, kila kipande na mfuko wake. Nilikaa nao kaunta kama mtoto siku ya Idi, nikasahau kabisa kwamba zana niliyoihitaji kuliko zote, jiriwa ya kubania daraja, haikuwemo.

Kwa kuwa gitaa nilikuwa nimeshalivua waya, nikaona nianze na freti. Kwenye seti kuna kibati cha chuma chenye pande nne za urefu tofauti. Unakilaza juu ya freti tatu zilizofuatana. Kikitulia, freti ziko sawa. Kikibembea, ya katikati imenyanyuka. Nikapita shingo yote. Freti ya 9 ikabembea. Nikarudia, ikabembea. Nikachukua tupa ndogo ya kwenye seti, nikaparua kidogo, nikapima, nikaparua tena mpaka kikatulia. Nikajipongeza. Tutarudi hapo.

Daraja nililing'oa kwa kisu cha kupakia siagi nilichokipasha moto kwenye jiko, nakiingiza taratibu, nakitoa, nakipasha tena. Karibu saa nzima. Chini yake nikakuta historia: gundi ya kiwandani, juu yake supa gluu imekauka vipande vipande kama sukari guru, na juu ya supa gluu kitu cha rangi ya kahawia nisichokijua. Nikabeba vyote kwa fundi seremala, mzee mmoja wa Kitangiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo jeneza umemletea nani?"

Alikuwa ameona mfuko wa gitaa. Nikafungua, akaligeuza, akapitisha kidole pale daraja lilipokuwa, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, gundi haishiki gundi. Inashika mbao. Kasafishe mpaka uione mbao, ndipo uje."

Nikakwangua siku mbili, kwa wembe na msasa, taratibu, kwa sababu ule ubao wa juu ni mwembamba, hauvuki milimita 3. Niliporudi alikuwa ameshanichongea jiriwa mbili za mbao kutoka kwenye mabaki ya mninga: mikono mirefu miwili, bolti katikati, bolti nyuma. Mkono mmoja unaingia kwa tundu la sauti mpaka chini ya daraja, mwingine unakaa juu. Ukikaza bolti ya nyuma, midomo ya mbele inang'ata. Alinitoza 15,000 kwa zote mbili. Nasema bila kupepesa macho kwamba hizo ndizo zana bora nilizonazo, na hazikutoka kwenye mkoba mweusi.

Gundi tulitumia nyeupe ya kawaida ya mafundi seremala. Supa gluu ni ngumu lakini haina uvumilivu: gitaa linatetemeka, mbao zinavimba na kunywea kwa majira, na yenyewe inapasuka. Ilikuwa Aprili, masika imekaza, nguo kwenye kamba hazikauki. Maelekezo mengi yanasema saa 24. Mzee akasema siku tatu na usilichungulie. Nikalichungulia siku ya pili kwa tochi, lakini sikugusa.

Kifupa. Juu ya daraja hukaa kipande chembamba ambacho nyuzi zinakikanyaga. Cha zamani kilikuwa cha plastiki na yule kijana alikiinua kwa kukiwekea chini kipande cha kadi ya simu, sijui alitaka nini. Nikaenda bucha kuomba mfupa wa muundi wa ng'ombe.

"Wa supu?"

"Wa gitaa."

Akamwita msaidizi wake aje anione. Mfupa unauchemsha kwa maji na sabuni ya unga mara mbili tatu utoe mafuta yote, la sivyo utanuka na utabaki na madoa. Mke wangu alifunua sufuria jioni akiwa na njaa, na hilo lina kesi yake ambayo haihusiani na tathmini hii. Ukikauka unakatwa kwa msumeno wa chuma, unasuguliwa kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka ubaki unene wa milimita 3 na ujae kwenye mfereji wake bila kulazimishwa.

Na hapa kipande cha kwanza cha seti kikajitetea: rula. Ni rula ya chuma ya kupimia uzi ulivyopaa juu ya freti, ina vimistari vya robo milimita, na vinasomeka hata kwa taa hafifu. Unapima kwenye freti ya 12. Mimi nilipata milimita 4.5 upande wa besi, wa nyuzi nene, nikitaka 3.5. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo kushusha milimita moja pale lazima upunguze mbili kwenye kifupa. Watu wengi wanapunguza moja, wanafunga nyuzi, wanashangaa, wanafungua. Suguo tano, pima, suguo tano, pima. Ukizidisha hakuna kurudisha, unarudi bucha.

Kipande cha pili: kalipa ya plastiki, ya kupimia unene. Ni ya bei ya chini na inaonekana hivyo, lakini kwa kazi niliyoifanyia ilitosha. Nyuzi za nailoni sikuzipata mjini kwa wiki hiyo. Jirani yangu anauza mishipi ya ndoano. Nyuzi tatu nyembamba za gitaa la nailoni ni nailoni tupu, uzi mmoja usiosukwa, na hazina tofauti kubwa na mshipi wa mvuvi. Ndiyo maana hata zenyewe si za zamani: kabla ya miaka ya 1940 watu walitumia utumbo wa mnyama, vita ikaufanya uadimike, na Albert Augustine wa New York akaanza kutengeneza za nailoni. Nikaenda kwa jirani na kalipa mkononi. Nikachagua mshipi wa 0.70 kwa uzi wa kwanza, 0.80 kwa wa pili, na 1.00 kwa wa tatu. (Nasema mshipi wa ndoano. Nyavu za timba, zile za nailoni ya uzi mmoja, zimepigwa marufuku, asije mtu akasema nimemshauri.)

Matokeo: uzi wa kwanza mzuri sana, wazi, hauna tofauti niliyoweza kuisikia na wa dukani. Wa pili vilevile. Wa tatu umeziba, unalia kama ngoma iliyonyeshewa, ingawa hata nyuzi halali za nailoni zina ugonjwa huo kwenye uzi wa tatu. Nyuzi tatu nene huwezi kuzidanganya. Zile ni nyuzi laini nyingi ndani na waya mwembamba umezungushiwa nje, hizo niliagiza Dar. Gharama ya mshipi wote haikufika nauli ya bodaboda kwenda Nyegezi. Ila vumilia: mshipi mpya unanyooka. Siku tatu za kwanza ukityuni, ukanywa chai, ukarudi, umeshashuka nusu noti.

Na ndiyo maana tyuna ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Ni kile kidude cha kubana kichwani mwa gitaa. Mbele ya duka langu kuna pipa la maji ambalo mafundi wanajaribia injini. Siku za Jumatatu pipa halipoi. Programu ya simu pale haina kazi, inasikiliza hewa, nayo hewa ni ya injini. Nilishawahi kuwa natyuni uzi wa tano, simu ikanionyesha noti, nikaja kugundua inasoma injini ya mteja. Tyuna ya kubana inasoma mtikisiko wa mbao. Injini inanguruma, moshi unapita, nayo imetulia inakuonyesha A kwa rangi ya kijani. Kwa hiyo moja peke yake ningetoa hata 15,000.

Kizungushio cha nyuzi ni cha plastiki, kinaokoa mkono, sina la kuongeza. Vibati vya kufunika ubao wa shingo wakati wa kusugua freti navyo ni safi. Bila hivyo ukiteleza mara moja unaacha kovu.

Sasa turudi kwa mwongo. Nyuzi zimekaa, daraja limeshika, nikapiga kodi ya kwanza (kodi za gitaa, si zile za TRA), nikasikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikapanda shingoni. Freti ya 7 safi, ya 8 safi. Ya 9, nyuki. Nyuzi zote sita, zzzz. Nikainua kifupa kwa karatasi, bado. Nikadhani daraja, nikadhani mshipi, nikamdhania hata mzee wa watu na gundi yake. Wiki mbili.

Siku moja nikakilaza kile kibati cha kupimia freti kwenye kioo cha kaunta, kwa sababu tu nilikuwa nahesabu chenji na kilikuwa mkononi. Kikabembea. Juu ya kioo! Nikawasha tochi ya simu nyuma yake, nikachuchumaa. Mwanga ulikuwa unapita pembeni zote mbili, katikati giza. Upande ule ule niliopimia freti ya 9 ulikuwa na tumbo. Kwa hiyo freti ilikuwa sawa tangu mwanzo, chuma ndicho kilichopinda, nami nikaishusha freti nzima kwa mkono wangu. Ukibonyeza ya 9 uzi unaanguka juu ya ya 10, hapo lazima ulie. Kwa nini upande huo ulibembea pale tu na si kwingine? Kwingine nilitumia upande mwingine wa kibati, wenye urefu tofauti. Freti za mbali na za karibu hazilingani nafasi.

Nikamwandikia muuzaji, nikatuma na picha ya mwanga. Akajibu kwa adabu kubwa kwamba atanirudishia dola 2 au anipe punguzo nikinunua seti nyingine. Seti nyingine!

Freti nimezirekebisha kwa njia ya kienyeji. Duka la vioo walinikatia kipande cha sentimita 30 kwa 4, nikakibandika msasa namba 400, nikapaka juu ya kila freti wino wa maka peni, nikasugua shingo yote kwa mkono mwepesi mpaka wino ukatoka kwenye kila moja, ya 9 ikiwa ya mwisho. Halafu kuzirudishia mviringo kwa tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno, kingo zake nikiwa nimezilainisha kwanza. Jumapili nzima ilikwenda. Kioo hakijawahi kunidanganya.

Mengine kwa ufupi. Tupa za sindano zilizomo, za kuchongea vijia vya nyuzi kwenye kifupa cha shingoni, kile cha karibu na kichwa, ni nene mno na hazikati, zinabembeleza. Nimepata matokeo mazuri zaidi kwa vile visindano vya kusafishia nozo za gesi vinavyouzwa kwa wachomeleaji. Fila geji iliyomo ni ile ile ninayouza mimi ya kupimia plagi, tofauti ni mfuko. Spana za L sita, mbili tu zinaingia kwenye gitaa la waya la rafiki yangu. Vitambaa viwili vya kufutia, mbwembwe.

Kwa hiyo seti naipa nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya tyuna. Ningekuwa naanza leo ningenunua tyuna, rula na kizungushio kimoja kimoja, ningekatiwa kioo, na fedha inayobaki ningempelekea mzee wa Kitangiri aongeze jiriwa ya tatu.

Jumamosi iliyopita yule mvuvi wa plagi alirudi, safari hii ana kitu kimefungwa kwenye khanga. Kimevuka na feri kutoka Nansio. "Kaka, lile la Yamaha ulinieleza. Na hili je, si Yamaha, litakubali?" Gitaa la nailoni, waya sita mpya kabisa, zimekazwa mpaka shingo imeinama. Kabla ya kumjibu nilizilegeza zote. Kisha nikachukua kadi ya vocha kaunta. Ilizama mpaka tarakimu ya tisa.